Uzito wa Hamdi

Drili ilipouma jiwe, ilitoka harufu ya maziwa.

Sabdio alizima mashine, akanusa tena. Alianza kuokota mawe utotoni, akichunga ndama, akiyafunga pindoni mwa nguo mpaka akawa anatembea upande. Sasa aliyatoboa, akatengeneza mikufu na kuiuza Garsen. Alijua mawe hunuka vumbi, pengine chuma. Maziwa, hapana.

Hili alilitoa kwenye rundo nje ya Kilelengwani. Nyanda zile ni udongo mtupu. Jiwe lililopo limeletwa na mkono wa mtu. Kwao Waorma, apitaye kaburi la msafiri huongeza jiwe kwenye rundo lake. Hakuna apunguzaye. Sabdio aliyajua hayo vizuri, lakini jiwe lilikuwa la kijani, lenye mishipa myeupe, na mapenzi ya tangu utotoni hayasikii nasaha.

Alilitunga uzi, akamvisha bintiye Hamdi, wa miaka tisa.

Siku ya pili kitanda kilivunjika. Siku ya tatu Hamdi aliacha nyayo kwenye saruji. Akapelekwa zahanati kwa mkokoteni, punda akapiga magoti mara mbili njiani. Mshale wa mizani ulizunguka, ukakwama. Muuguzi akaandika: "Mizani mbovu. Mgonjwa arudi mizani ikipona." Chifu naye, alipoombwa barua ya kuazima lori la kumpeleka hospitali, aliuliza mtoto mmoja abebwe na lori kwa nini, na fomu haikuwa na nafasi ya jibu.

Nyumbani walijaribu kuukata mkufu. Makasi yakavunjika; uzi ukabaki.

Mchana ule aliitwa Asenath, mganga wa Kipokomo, ambaye cheti chake cha serikali kiliisha muda mwezi Juni, ingawa majini hayakuwa yameulizia. Alifukiza ubani, akalitazama jiwe.

"Dada, umelitoa wapi?"

"Rundoni."

"Wewe, Muorma, ukatoe rundoni?" Asenath alinong'ona. "Hata mimi Mpokomo, mkulima, nisingethubutu! Kaburi lile lina jini lake."

Ndipo Hamdi akafumbua mdomo, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa chumba, ikaushinda ubani, ikawaingia kooni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto yuleyule, ile ya kuomba uji asubuhi, ila midomo haikutikisika.

"Mbona umenitoboa?"

"Nitalirudisha," Sabdio alisema. "Sasa hivi."

"Lina tundu. Upepo unapita, silali. Nataka jiwe jingine. Huyu karibu anatosha."

Sabdio aligusa shingo ya mwanawe. Ilikuwa baridi, na chini ya ngozi mishipa ilikuwa myeupe.

"Mimi ni mkubwa zaidi," akasema. "Nichukue mimi."

"Dada, nyamaza!" Asenath alimshika kanga, lakini uzi ulikuwa umelegea wenyewe, na Sabdio alikuwa ameshauvaa.

Hamdi akainuka, mwepesi.

Sabdio alitoka mbio, wakamfuata. Alitaka kufika kabla miguu haijakataa, na kila hatua ilizama zaidi ya ile ya kabla yake, kifundoni, kisha nusu ya muundi, hata alipolifikia rundo jua likielekea magharibi hakuketi bali alianguka, na udongo ukatetemeka.

Hamdi akaushika mkono wake, akavuta. Haukuvutika.

"Apa kwamba hutarudi kunichukua rundoni," Sabdio alisema. Midomo ilikuwa ikikaza.

Hamdi akavuta tena.

"Apa, mwanangu! Hata ukinipenda vipi."

Mtoto alikuwa akimpapasa mamake vidole, kimoja kimoja, akilia. Hakuapa.