Kisima Kisichokuwa Kwenye Ramani

Mama Dobi aliyajua mashuka kwa harufu. Ya zahanati yalinuka dawa. Ya nyumba ya wageni yalinuka manukato ya kila aina. Ya shule ya bweni, tuyaache tu. Yote aliyafua kwa mikono yake, nyuma ya nyumba, na yote yalirudi kwa wenyewe yakiwa meupe na yamekunjwa vizuri.

Maji aliyapata hapo hapo uani. Mume wake alikuwa mwashi, na watu walimwita Fundi. Mwaka walipooana alichimba kisima nyuma ya nyumba, akakijengea mawe mpaka juu.

"Wengine huwanunulia wake zao pete," alisema siku ile. "Mimi nimekuchimbia maji."

"Pete ingepotea," mkewe akamjibu, na moyoni alifurahi sana.

Kila asubuhi, kabla ya kufua chochote, Mama Dobi alichota ndoo moja akachovya kitambaa cheupe. Alikikamua, akakinyoosha juani. Kikitoka cheupe, kazi ilianza. Kikitoka na wekundu wa udongo, alingoja maji yatulie. Shuka la mtu si la kufanyia majaribio.

Karibu naye alikaa mama mkwe wake, Bibi, akirudishia vifungo vya mashati. Macho ya Bibi yalikuwa yamepungua nguvu. Kwa hiyo Mama Dobi alimtungia nyuzi kwenye sindano kadhaa kila siku, akazichomeka kwenye kitambaa mbele yake. Bibi hakuwa ameomba, lakini alijua.

Asubuhi moja jirani yao alipita mbio. Huyu aliitwa Mzee Redio, kwa sababu habari zote za mtaa zilianzia kwake.

"Jamani, watu wa halmashauri wako nyumba za juu! Wana vyombo vya miguu mitatu. Wanahesabu visima. Mwenye kisima atalipishwa, na asiye na kibali atafukiwa!"

"Atafukiwa yeye?" Bibi akauliza.

"Kisima chake, mama! Kisima!"

"Nani kakwambia?" Fundi akauliza.

"Mimi huwa siambiwi. Mimi ndiye ninayewaambia watu," akajibu Mzee Redio, akaenda nyumba ya pili.

Bila kisima hakuna kufua. Bila kufua, watoto wangekula nini siku ambazo Fundi hana kazi?

Fundi hakupoteza muda. Alifunika kisima kwa bati. Juu ya bati akatandika mkeka. Juu ya mkeka akaweka kiti, na juu ya kiti akamweka mama yake.

"Mama, usiinuke hapa mpaka waondoke."

"Na nikibanwa?"

"Jikaze, mama."

Bibi akaketi juu ya kisima na vifungo vyake, ametulia kama mtu anayepigwa picha. Muda si mrefu akaingia kijana wa halmashauri.

"Shikamoo, bibi. Hapa mnatumia maji gani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ya bomba."

Bomba lenyewe lilikuwa pale ukutani, na buibui alikuwa amejenga mdomoni mwake. Kijana alitazama bomba. Alitazama mashuka yaliyolowa, kamba kwa kamba. Halafu akaandika, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Nyumba nyingine za mtaa nazo zilificha visima vyao. Mmoja alikiwekea tenga la kuku. Mwingine alikifunika kwa kuni. Jioni ile watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kicheko kilikatika baada ya miezi michache. Tangazo lilibandikwa ofisi ya kata. Jaa la zamani la taka lilikuwa limejaa, na halmashauri ilitaka kujenga jaa jipya. Mahali palipopendekezwa ni machimbo ya mawe yaliyoachwa, juu ya mtaa wao.

"Taka za mji mzima juu ya vichwa vyetu!" Fundi akafoka. "Wameitisha mkutano. Mimi siendi. Tusipokwenda, hatujakubali."

Jioni ile alikuja jirani yao wa upande wa pili, Bi Afya. Huyu alikuwa afisa afya wa kata. Alikuwa amechoka na viatu vyake vilijaa vumbi, lakini aliposikia sauti ya Fundi hakupita. Aligeuza ndoo tupu, akaikalia.

"Shemeji, usipokwenda mkutano unafanyika bila wewe," alisema. "Wataandika kwamba hakuna aliyepinga."

"Kwani wanatuuliza? Si wameshaamua?"

"Bado. Ngoja nikueleze taratibu. Taka lazima ziende mahali. Zile unazozalisha wewe, na zangu. Halmashauri hutafuta sehemu kadhaa, inazilinganisha. Inaangalia udongo. Udongo wa mfinyanzi ni mzuri kwa sababu unazuia maji. Mchanga na mawe yenye nyufa ni hatari. Inaangalia mafuriko, upepo, barabara, na umbali kutoka kwenye nyumba. Na kitu kikubwa kuliko vyote ni maji ya kunywa."

"Kwa nini maji?" Mama Dobi akauliza. Alikuwa ameacha kukunja shuka.

"Mvua ikinyesha juu ya taka, maji hupita katikati yake. Yanatoka chini yakiwa meusi, yana sumu. Yakipata njia ardhini, yanaingia kisimani. Utayanywa bila kuyaona. Ndiyo maana baada ya wataalamu kupima, wananchi hupewa nafasi ya kusema. Kisha yote hupelekwa mamlaka ya mazingira. Hao ndio wanaotoa kibali, au wanakataa."

"Basi watakataa," alisema Fundi. "Visima vyetu viko chini ya machimbo kabisa!"

Bi Afya alishusha pumzi. "Ramani nimeiona leo. Kwenye mtaa huu hakuna kisima hata kimoja."

Bibi alikuwa na sindano mkononi. Haikusogea.

"Mimi ndiye niliyekalia," alisema mwishowe.

Bi Afya alimtazama Bibi, akatazama kisima. Alikuwa ameteka maji yake mara nyingi. Angeweza kuwakaripia, na hakufanya hivyo. Alianza kucheka, Bibi akamfuata, na Fundi akainamisha kichwa.

"Tukisema sasa, watatuita waongo," Mama Dobi alisema. "Na kama Mzee Redio alisema kweli? Nitafukiwa kisima changu, mdogo wangu. Nitashika wapi?"

"Kuhusu malipo sijui, na sitakudanganya. Nitauliza."

Kesho yake Bi Afya alikwenda halmashauri wakati wake wa kula. Alirudi na jibu. Visima vya nyumbani vilikuwa vinaandikishwa ili vilindwe na maji yapimwe. Hapakuwa na malipo, wala hakuna aliyefukiwa.

"Lakini lazima mseme wenyewe," aliwaambia. "Mimi nikisema, itakuwa maneno ya ofisini. Ninyi ndio mnaokunywa."

Siku ya mkutano ukumbi wa shule ulijaa. Ramani kubwa ilitundikwa ukutani. Mhandisi wa halmashauri alieleza kazi yake kwa upole. Alipouliza kama kuna mwenye neno, watu walitazama sakafu. Kila mwenye kisima alimngoja mwenzake.

Mama Dobi alisimama. Mikono yake, iliyozoea kukamua mashuka mazito, ilikamua ncha ya kanga yake. Fundi alisimama pia, ubavuni pake.

"Mimi nina kisima," alisema. "Mlipokuja tulikificha. Tuliogopa. Mama mkwe wangu alikikalia."

Ukumbi uliangua kicheko. Mama Dobi hakukaa.

"Chekeni tu. Lakini watoto wangu wanakunywa maji yale. Mimi nafulia mashuka ya wagonjwa. Nyumba yangu ipo pale kwenye ramani, na maji yangu hayapo."

Kicheko kikaisha. Kutoka nyuma mtu akasema, "Na mimi. Changu kiko chini ya tenga la kuku." Mwingine akasema, "Na mimi, chini ya kuni." Wakasimama mmoja mmoja. Hata Mzee Redio alisimama.

"Kumbe na wewe!" Bibi akamwambia.

"Mama, mimi nilikuwa wa kwanza kukificha."

Mhandisi alivua kofia. Watu walidhani atakasirika. Yeye akachukua kiti chake mwenyewe, akampelekea Mama Dobi.

"Kaa, mama. Ahsante. Nilipanga kwa nilichokiona. Sasa itabidi tupime upya, na safari hii mtapima pamoja nasi."

Walikwenda machimboni na tangi la maji. Waliyatia rangi ya kijani isiyodhuru, wakayamwaga kwenye mashimo yaliyochimbwa kwenye sakafu ya machimbo. Mhandisi alieleza kwamba mwamba ukiwa mzima, rangi haitafika mbali. Ukiwa na nyufa, itasafiri na maji ya ardhini. Kila nyumba ilipewa chupa safi za kuwekea maji ya kila asubuhi. Mpaka majibu yatoke, halmashauri iliwaletea maji ya kunywa kwa gari.

Siku za kwanza maji yalikuwa kama kawaida. Fundi alianza kusema labda mwamba ni mzima. Ndipo asubuhi moja Mama Dobi akachovya kitambaa chake, akakinyoosha juani, akakaa chini.

"Mama," alimwita Bibi. "Hiki kitambaa ni cha rangi gani?"

Bibi alikisogeza karibu na macho. "Mkwe wangu, hata mimi naona. Ni kijani."

Fundi alitazama machimbo, akatazama kisima alichokichimba kwa mikono yake. Hakufoka. Alimshika mkewe begani. Kilichofika pale kilikuwa rangi tu. Kingeweza kuwa sumu.

Chupa zote zilipimwa, na visima vingi vilikuwa na rangi. Machimbo yakafutwa. Visima vikaandikwa kwenye ramani, na Fundi akaajiriwa kuvijengea kuta na mifuniko. Cha kwanza kilikuwa cha Mzee Redio, maana hakuacha kumfuata.

Halmashauri ilirudi kwenye sehemu ya pili kati ya zile ilizozilinganisha, tambarare yenye udongo mzito wa mfinyanzi, mbali na mto na mbali na visima. Mtaa ulishangilia. Mama Dobi hakushangilia sana.

"Una nini?" mumewe akamuuliza.

"Na kule kuna watu, baba watoto. Wachache, lakini ni watu. Mkutano wao ni kesho. Twende."

"Tukafanye nini? Si yetu tena."

"Taka ni zetu."

Wakaenda, na Bi Afya akaandamana nao. Mhandisi alieleza masharti kabla ya kibali kutolewa. Chini kutatandikwa plastiki nene juu ya udongo wa mfinyanzi. Maji machafu yatakusanywa kwenye bwawa lake na kusafishwa. Taka zitafunikwa udongo kila siku, wala hazitachomwa. Taka za hospitali na betri hazitapokelewa. Kutakuwa na uzio, na visima vya kupimia maji pande zote. Kamati ya wakazi itakuwa na haki ya kuingia na kukagua. Masharti yakivunjwa, mamlaka inaweza kulifunga jaa.

Watu waliuliza maswali mazuri. Lakini Mama Dobi alimwona mama mmoja amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alikuwa akifungua mdomo kisha anaufunga. Mama Dobi alimjua mtu huyo, ingawa hakuwahi kumwona. Akainuka, akaenda kusimama karibu naye.

"Habari, dada. Ni kitu gani hakipo kwenye ramani yao?"

Yule mama alimtazama kwa mshangao. "Njia ya watoto," alinong'ona. "Wanangu wanakatiza pale kwenda shule. Pale pale panapowekwa geti la malori. Lakini ni kijia tu. Hakina hata jina."

"Waambie."

"Watanicheka."

"Mimi walinicheka. Nipe huyo mtoto nikushikie."

Akampokea mtoto. Yule mama akapita mbele, akaweka kidole kwenye ramani, akakivuta taratibu kutoka nyumba yake mpaka shuleni. Hakuna aliyecheka. Mhandisi alichukua kalamu, akachora mstari palipopita kidole chake.

Geti likahamishwa. Malori yalijengewa barabara upande wa pili, na kijia kikaachwa kwa watoto. Yule mama alichaguliwa kwenye kamati. Maji ya visima vya kupimia huchukuliwa kwa zamu, na majibu husomwa mbele ya watu. Mpaka leo ni safi.

Juzi dereva mmoja alitaka kufupisha safari, akaingiza lori kwenye kijia. Yule mama alitoka mbio na mwiko mkononi, akasimama katikati.

"Rudi, kaka. Njia yako ile kule."

"Dada, ni mara moja tu!"

"Hata mara moja. Hapa wanapita wanangu. Wewe zunguka."

Dereva alimtazama, akautazama mwiko. Akarudi kinyumenyume taratibu, huku akichungulia kwenye kioo asimgonge mtu. Watoto wakapita na mikoba yao, wakibishana nani atafika wa kwanza.