Mlango wa Kulia

Cheka, Abigail, cheka mpaka uchoke. Nyinyi wauguzi mkishampima mtu joto mnadhani mmeyamaliza ya dunia. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mlango naujua.

Mjukuu wangu Sundus na mumewe Ameir walipewa nyumba ya langoni huko Bowie, huku huku ughaibuni, kwenye shamba la zamani linalokodishwa kwa harusi. Ameir anakata majani na kufungua geti. Nyumba ni sehemu ya ujira. Kinyumba chenyewe ni chumba kimoja na jiko, ila kwa mbele kimejivuna kama mahakama: nguzo nne za duara, juu yake pembetatu ya mawe. Tajiri aliyekijenga alikiiga kwao Uskoti. Mlango uko kushoto. Kulia, ili pande zifanane, wakachonga mlango mwingine kwenye mawe matupu: bawaba, kitasa, hata tundu la ufunguo. Haufunguki. Kwa ndani pale ni ukuta, na ukutani wameegesha kitanda cha mtoto wao.

Kosa lilikuwa la adabu. Alasiri moja Sundus anapika vitumbua, akasikia pakigongwa, na sauti ya kike: "Hodi."

Bowie nani anapiga hodi? Mwenye akili angeuliza nani. Yeye akajibu alivyolelewa: "Karibu, pita."

Akafungua. Hapana mtu. Ila chumba kikanuka udi uliolowa maji, na mtoto, wa miezi minne, akaacha kulia. Siku ya pili halii. Ya tatu hanyonyi. Anautazama ukuta, anatabasamu. Daktari akasema mzima.

Wakanifuata huku kwangu Adelphi. Nilipofika nikaweka kidole kwenye lile tundu la mawe. Lilikuwa linapumua.

"Bibi, mfukuze," Sundus akaninong'oneza.

"Kwani mimi ndiye niliyemkaribisha? Mgeni hafukuzwi, husindikizwa, na anayemsindikiza ni mwenyeji wake. Mtoe, mwambie kwa heri, ufunge mdomo. Ukiongeza neno nakuchapa."

"Bibi, nina miaka ishirini na sita."

"Nitakuchapa hivyo hivyo."

Nikasimama kando ya kitanda cha mtoto. Sundus akafungua mlango wa kushoto, akasema: "Twende nikusindikize." Na wallahi nikazisikia nyayo zilizolowa zikibanduka ukutani, moja, kisha kimya, kisha ya pili, zikanipita karibu hata ule udi ukanikaa kooni, zikavuka kizingiti aliposimama Sundus, zikapita kati ya nguzo zikashukia kwenye kokoto, kokoto zikalia chini ya mtu nisiyemwona, na kitandani mtoto akapiga ukelele wa njaa, mkali, wa kiumbe anayetaka kuishi.

"Kwa heri," Sundus akasema, machozi yanamtiririka. Kisha kwa furaha yake, mpumbavu mwenye malezi mema, akaongeza: "Karibu tena."

Kokoto zikanyamaza. Mtoto akanyamaza.

Nyuma ya kitanda, ndani ya ukuta, pakagongwa mara tatu.

"Hodi."

Nikamnyakua mtoto. Sundus keshafumbua mdomo. Nikauziba kwa kiganja, nikamsukuma nje. Nyuma yetu ikaja hodi ya pili, taratibu, kwa sauti yake Sundus mwenyewe: "Hodi, jamani."

Hatukumjibu. Mtoto akaanza kulia begani kwangu, nikatoka naye, nikafunga mlango.