Askari wa Kona ya Mawe

Katika barabara ya Geita kwenda Nyarugusu hakuna nguo nyeupe inayofika saa nne asubuhi ikiwa bado nyeupe. Vumbi la kule ni jekundu, na linaingia hata ndani ya saa ya mkononi. Kwa hiyo Boaz alipomwona askari wa barabarani amesimama peke yake pale kona ya mawe, saa sita na nusu mchana, shati na suruali vikiwa vyeupe kama vimeanuliwa kwenye kamba sasa hivi, wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba mtu huyu ana mke mwenye bidii. La pili lilikuwa hela.

Boaz Simiyu alikuwa Mkenya wa Bungoma. Fuso lake lilikuwa na namba za Kenya, na kwa wiki mbili alikuwa akisambaza gololi za chuma za kusagia mawe ya dhahabu, kutoka ghala moja la Geita mjini hadi kwenye makarasha, vinu vya mawe vya Nyarugusu. Namba zile zilimgeuza mpera ulioota kando ya njia, kila apitaye anatungua. Askari mmoja alimwambia kibali chake hakisomeki. Mwingine akasema mtungi wa kuzimia moto umepitwa na wakati. Wa tatu alilizunguka gari mara mbili asione kosa, akaishia kusema, "Dereva, jua kali leo. Sisi hapa hata maji hatujanywa." Kwao Kenya wanaomba chai, huku wanaomba maji. Boaz aliona tofauti ni hali ya hewa tu.

Mwenye mzigo alikuwa Mama Juliana, Msukuma wa Sengerema, mwanamke wa makamo mwenye makarasha matatu. Yeye ndiye aliyemfundisha.

"Usibishane nao, Boazi. Kiswahili chako ni cha ugomvi, ukisema tu wanajua umetoka wapi. Shuka, salimia, sema 'mkuu, naomba tusaidiane.' Mpe, uondoke."

Siku ile Boaz alikuwa peke yake garini na alikwishasimamishwa mara tatu tangu asubuhi. Alishuka bila kumtazama mtu usoni, leseni na kibali mkono mmoja, noti iliyokunjwa mkono wa pili.

"Afande, mimi nimechoka. Chukua chochote unachotaka, niache niende."

"Chochote?" Sauti ilikwaruza, kama mawe mawili yanayosuguana.

"Chochote, afande."

Askari hakuigusa noti. Alinyoosha mkono, akamgusa Boaz katikati ya nyusi kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayefuta doa. Kidole kilikuwa na ubaridi wa chini ya duara, kule kunakochimbwa dhahabu ambako jua halijawahi kufika, na kilinuka baruti na jiwe lililolowa.

"Haya. Safari njema."

Boaz alipanda akaondoka. Lori la mawe lilipishana naye likimwaga vumbi zito, na vumbi lilipopungua alitazama kioo cha pembeni. Askari alikuwa bado amesimama, mweupe vilevile. Hakukuwa na pikipiki karibu yake, wala gari, wala mti wa kumpa kivuli. Ndipo Boaz akakumbuka kibati cha jina alichokiona kifuani pake alipokuwa karibu: hakikuwa na jina.

Usiku ule hakupata usingizi. Alidhani ni joto la chumba cha gesti. Usiku wa pili alidhani ni kahawa. Usiku wa tatu alifumba macho kwa nguvu, akahesabu, akasali, akageuka ukutani, na usingizi haukusogea hata karibu. Si kwamba ulikuja ukakatika. Haukuwepo kabisa, kama jino lililong'olewa ambalo ulimi unalitafuta na kukuta pengo. Na humo katika pengo alianza kusikia mawe yakisagwa. Nyarugusu nzima husaga mawe mchana kutwa, kwa hiyo mwanzoni hakujali. Siku ya nne umeme ulikatika, makarasha yote yakazima, mji ukanyamaza mpaka kuku wakasikika, na bado kichwani mwake mawe yalikuwa yanasagwa, polepole, na nani hajui.

Siku ya tano Mama Juliana alipanda naye garini.

"Macho yako yamekuwa mekundu, baba. Umeanza gongo?"

"Sijalala, mama. Siku tano."

"Hakuna mtu asiyelala siku tano."

Walipofika kona ya mawe, Boaz akakanyaga breki.

"Mbona umesimama hapa?" Mama Juliana akauliza.

"Si huyo askari."

"Askari yupi?"

Askari alikwishafika dirishani kwa Boaz. Uso wake, sasa alipoutazama kwa mara ya kwanza, haukuwa na jasho wala kunyanzi, na macho hayakupepesa. Harufu ya baruti ikajaa garini. Mama Juliana akapiga chafya, akasema, "Nani kalipua mwamba mchana huu?"

"Leo una nini?" askari akauliza.

"Sina," Boaz akanong'ona. "Leo sina kitu."

Askari akarudi nyuma hatua moja. "Kesho."

Boaz aliondoa gari. Kilomita mbili mbele, akiwa macho wazi lakini akili haipo, alitoka barabarani akamkosakosa mwanamke aliyejitwisha beseni la ndizi. Beseni lilianguka, ndizi zikapondwa na tairi, yule mwanamke akabaki ameketi mtaroni akijishika kichwa asiamini kwamba bado anacho. Mama Juliana alishuka, akamwinua, akamlipa ndizi zake, kisha akarudi garini akiwa amekunja uso.

"Elekea kwa Mwanaima," akasema. "Sasa hivi. Mzigo utasubiri."

Mwanaima alikuwa mwanamke mzee wa Kimanyema kutoka Pangani, aliyekuja Nyarugusu miaka mingi nyuma akiuza chapati na supu karibu na makarasha. Wachimbaji waliopandisha mashetani walipelekwa kwake, Waislamu kwa Wakristo. Walimkuta anakanda unga.

"Habari, mama," Boaz akasema.

"Shikamoo, wanasema," Mwanaima akamjibu bila kuinua kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Umenuka jiwe, wewe."

Boaz alimweleza yote. Mwanaima alisikiliza huku akiendelea kukanda, mpaka alipofika kwenye lile neno chochote, ndipo mikono ikasimama ndani ya unga.

"Majini ya pwani nayajua kwa majina," akasema kwa sauti ya chini. "Lile la pale kona silijui, ni la mwamba. Waliotengeneza barabara waliulipua mwamba wake, likabaki halina nyumba. Likakaa kando ya njia linatazama. Miaka, mwanangu. Likaona magari yanapita, halafu anakuja mtu wa nguo nyeupe, anainua mkono, gari linasimama, mtu anashuka ameinamisha kichwa, anatoa. Hapigwi, hatukanwi, anatoa tu. Jini likajifunza. Hata ningekuwa mimi ningevaa nyeupe."

"Na usingizi wangu?"

"Uliutoa mwenyewe. Halikuiba. Ila leo umesema huna, na likarudi nyuma. Umeona? Nguvu yake yote iko katika kupewa." Alijifuta unga mikononi, akachoma ubani kwenye kigae, akamfukiza kichwa na kifua. "Kesho nenda jua likiwa utosini. Likikuuliza, kataa. Likitisha, kataa. Likikubembeleza, hapo ndipo ukatae zaidi. Usiondoke mpaka kivuli chako kitoke chini ya miguu, ndipo usingizi wako utarudi."

"Nitakwenda naye," Mama Juliana akasema. "Gari lina mzigo wangu."

Mwanaima alimgeukia. "Basi wewe funga mdomo. Hata kuomba radhi usiombe."

Kesho yake Boaz aliegesha Fuso pale kona, akazima injini, akashuka. Mama Juliana alibaki kitini na vioo amepandisha. Barabara yenye malori na bodaboda kutwa nzima ilikuwa tupu. Askari hakutokea popote. Alikuwepo tu, pale ambapo punde tu hakukuwa na mtu.

"Leseni."

"Sitoi."

"Kibali."

"Sitoi."

"Una kosa."

"Niandikie. Nitalipa serikalini."

Askari akasogea karibu, na ile sauti ya kusaga iliyokuwa kichwani mwa Boaz ikatoka ikawa nje, chini ya ardhi, ikipanda kwenye nyayo zake na magoti na mbavu, na jua likawa limesimama juu yake kama limepigwa msumari, na kivuli chake mwenyewe kilikuwa kidogo kama sahani chini ya viatu, na askari, bila kupaza sauti, akaanza kumwambia kuhusu usingizi, akiueleza kama mtu anayeeleza chakula kwa mwenye njaa, ule wa utotoni Bungoma mvua inapopiga bati, ule wa alasiri baada ya kushusha mzigo, ule wa kichwa juu ya mkono wa mkewe, mpaka machozi yakamtoka Boaz.

"Nakurudishia wote," askari akasema. "Sasa hivi. Nipe sauti ya mwanao tu. Yule mdogo, Nelima. Ni kitu kidogo."

Boaz alifungua mdomo. Siku sita bila usingizi si mchezo; kwa kitambo kifupi, ambacho baadaye aliona aibu kukikumbuka, alikuwa anapima.

"Hapana," akasema. "Sitoi. Hata unywele wake sikupi."

Ardhi ikatikisika. Mawe yaliyokatwa pale ukingoni yakaanza kuporomoka vipande vipande, na ndani ya gari Mama Juliana, aliyekuwa haoni kitu tangu mwanzo, sasa akaona, kwa kuwa askari alitaka aonwe. Akapiga kelele:

"Mpe, Boazi! Mpe chochote, jamani, tuondoke!"

Askari akageuza shingo taratibu. Kwa mara ya kwanza akatabasamu, na ndani ya mdomo hakukuwa na meno wala ulimi, kulikuwa na giza la duara refu linalovuta hewa. Alitembea hadi mlango wa abiria, akaweka kidole kimoja juu ya kioo, mbele ya uso wa Mama Juliana.

"Asante, mama," akasema.

Boaz alitazama chini. Kivuli chake kilikuwa kimechomoza upande wa mashariki, upana wa vidole viwili. Alipoinua macho, barabara ilikuwa na malori tena, yakimpigia honi asogee. Alifika mlangoni mwa gari akaanguka. Alikuwa amelala kabla hajagusa ardhi.

Alizinduka chumbani kwa Mwanaima, kwenye mkeka. Alikuwa amelala usiku mbili na mchana mmoja. Mwili ulikuwa mwepesi, kichwani kimya. Alitaka kucheka. Ndipo alipomwona Mama Juliana ameketi kwenye kigoda kando yake, kitenge amejifunika mabegani, macho mekundu yamefunguka.

"Umelala vizuri, ng'wanawane, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nakutazama. Inapendeza, mtu akilala."

Boaz akaketi. "Na wewe?"

"Mawe hayo," akanong'ona. "Unayasikia na wewe, au ni mimi tu?"

Mwanaima alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Boaz hakujua kama alikuwa ameshinda pale kona au alikuwa amebadilishwa tu, mtu kwa mtu. Mzigo ulikwishashushwa na vijana wa karasha. Pasipoti yake ilikuwa mfukoni. Kama angeondoka saa hiyo, angelala Sirari mpakani, na kesho yake angekuwa kwake, ambako hakuna mtu angemuuliza habari za mama mmoja wa Sengerema.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa nne na nusu," Mwanaima akajibu.

"Inuka, mama," Boaz akamwambia Mama Juliana. "Tutafika kabla jua halijafika utosini."

"Naogopa, baba."

"Hata mimi. Ukiulizwa, sema huna. Hata kama unacho, sema huna. Mimi nitasimama hapo karibu."

Walipokaribia kona, malori yalipungua, kisha yakaisha, na harufu ya baruti ikaingia kupitia kwenye sakafu ya gari. Boaz akapunguza mwendo. Mbele, katikati ya vumbi jekundu, kulikuwa na weupe. Alidhani ni macho yake, akayafikicha, akatazama tena.

Walikuwa wawili, mmoja kwa kila chochote kilichotolewa pale. Wamesimama bega kwa bega, urefu mmoja, uso mmoja, na wote wawili wakainua mkono kwa pamoja.

Boaz akazima injini. Alishuka upande wake, Mama Juliana akashuka upande wake, wakakutana mbele ya boneti iliyokuwa bado moto, wakashikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Waliulizwa leseni, wakaulizwa kibali, wakaulizwa majina ya watoto wao. Mama Juliana alitajiwa hata wale waliokufa, kwamba angeweza kuwasikia tena, kwa kitu kidogo tu. Alilia, akamfinya Boaz vidole mpaka vikafa ganzi, na kila alipofungua mdomo alisema, "Sina. Sina. Sina." Siku ile jua lilichelewa kuliko siku zote. Lakini kivuli kilipochomoza, kwanza kimoja kisha cha pili, wale wawili walishusha mikono.

Mama Juliana alipiga mwayo. Mwayo mrefu, wa machozi. Boaz akamshika kiunoni asianguke, akamwingiza garini, na kabla hajafunga mlango alikuwa tayari anakoroma.

Kisha Boaz akatazama barabarani kuona kama wametoweka. Hawakuwa wametoweka. Walikuwa wameipa mgongo ile kona, wanatembea taratibu kando ya njia kuelekea Geita mjini, kwenye magari mengi, na lori la kwanza lililokutana nao lilikuwa limeshawasha taa ya pembeni, linapunguza mwendo, na dereva ametoa mkono dirishani, noti ikiwa imekunjwa katikati ya vidole.