Nafasi ya Ermanno

Jioni ya Jumamosi nilirudi Kona ya Kikanisa na bendera yangu ya njano ya kuwaonya madereva na chupa ya supu ya shayiri. Mashindano ya magari ya kupanda mlima yalikuwa yamekwisha kwa siku ile. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyaangalia magari yakirudi bondeni.

Huku kwetu hushuka pamoja, polepole, kwa msururu. Madereva huwa wamevua helmeti, wanatupungia mikono. Na katikati ya msururu huachwa nafasi ya gari moja. Ni ya Ermanno, aliyepanda mwaka mmoja zamani, mvua ikinyesha, akafia kwenye kona yangu. Juu hakufika.

Nafasi ile hakuna anayeipungia.

Msururu ukaja. Nyuma ya nafasi alikuwa Loris, mtoto wa kaka yangu, mgeni kabisa wa mashindano. Nilimwona akinyoosha shingo, akashangaa barabara tupu mbele yake... akakanyaga mafuta, akaijaza.

Upepo ukakatika. Kukanuka petroli, na majani mabichi yaliyopondwa.

Nilimkuta bondeni na fundi wake, Duilio.

"Shangazi, yule mzee uliyenipakizia pale kwako ni nani? Kaloa chapachapa, hata asante hajui."

"Sijakupakizia mtu, mwanangu."

"Acha utani. Kakaa kando yangu njia nzima. Kaniuliza kama kesho nitampeleka juu. Nikamwambia poa, mzee, ila ujifunge mkanda."

Duilio akaacha kutafuna jibini yake.

"Loris," akasema taratibu. "Kiti cha kando tulikitoa. Tulikuwa tunapunguza uzito, umesahau?"

Sote tukachungulia ndani. Palikuwa na bati tupu.

Limelowa.

Jumapili nilimwomba asishindane. Nilimwomba kama nilivyokuwa nikiwaomba watoto wa darasa la kwanza nilipokuwa mwalimu, kwa upole, mara nyingi. Alinuna, kisha akanipa ufunguo. Gari tukalifungia kwenye banda la Duilio, nikaenda naye konani, nikamfunga skafu yangu shingoni.

"Wenzangu watanicheka mpaka Krismasi."

"Wacha wacheke."

Jioni msururu ukashuka. Nafasi ilikuwa imeachwa kama kawaida. Ilipopita mbele yetu, kwa mara ya kwanza sikuhisi ile baridi iliyokuwa ikipita nayo kila mwaka. Safari hii ilikuwa tupu kweli.

Gari la mwisho likapita. Nikaanza kuikunja bendera.

Kisha, kutoka juu... mngurumo.

Lilikuwa gari jekundu la Loris. Linashuka polepole, taa zimezimwa. Nikapapasa mfuko wangu. Ufunguo ulikuwemo.

Likasimama mbele yetu. Mlango wa upande wetu ukafunguka, na kando ya dereva kulikuwa na kiti. Kikavu. Mkanda wake umening'inia, unasubiri. Nyuma ya usukani kulikuwa na mtu, maji yakimtiririka mikononi. Usoni sikumtazama.

"Shangazi," Loris akanong'ona. "Anasema nijifunge mkanda."

Akapiga hatua.

Nikaushika mkono wa shati lake kwa mikono yangu miwili, kama unavyomshika mtoto anapotaka kuvuka barabara. Kitambaa kikavutika. Kikavutika tena. Sikuachia.

Mlango ukajifunga. Gari likateremka, likamezwa na ukungu.

Bandani tulikuta kufuli iko vilevile, na gari lipo. Duilio akagusa injini, akauondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto.

Loris hakushindana tena. Gari lile aliliuza vipande vipande. Lakini kila mwaka, msururu unapokaribia kushuka, huja mwenyewe kwenye kona yangu, ndevu zake sasa zina mvi, akaninyooshea mkono wa shati.

Naushika.

Unavuta. Kila mwaka unavuta zaidi kidogo.

Na vidole vyangu vimezeeka.