Kovu la Kisogoni

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, kinyozi aliweka kiganja chake juu ya mlango wa kibanda chake, akafumba macho na kuomba. Hakuomba kwa maneno mengi. Aliomba mkono wake usitetemeke, wembe wake usimkate mtu, na kila atakayeketi kwenye kiti chake aondoke na amani. Binti yake wa miaka kumi na miwili alisimama nyuma yake na ufagio, akaitikia "amina", kisha kazi ikaanza.

Binti huyo watu walimwita Redio, kwa sababu aliimba tangu alipoamka hadi alipolala. Alifagia akiimba, akapangusa vioo akiimba, akasafisha mashine za kunyolea kwa brashi na spiriti akiimba. Alipopumzika kidogo, hakukosekana mteja wa kusema, "Kinyozi, igonge hiyo Redio yako, imekata mawimbi!"

Redio alikuwa na kazi nyingine aliyoipenda kuliko ufagio. Kibanda kilikuwa na ukurasa mtandaoni, na yeye ndiye aliyeutunza kwa simu ya baba yake. Mteja akishanyolewa, Redio alipiga picha ya kichwa na kuiweka kwenye ukurasa ili watu waone kazi ya baba.

Baba alimpa masharti mawili tu. La kwanza, picha ipigwe kwa nyuma, na mteja aombwe ruhusa kwanza. "Uso wa mtu ni wake," alisema. "Sisi kazi yetu inaonekana kisogoni, inatosha."

La pili, siasa zisiingie kibandani. "Kiti ni kimoja, na kinakaliwa na watu wa pande zote. Nikiwa na wembe shingoni mwa mtu, sitaki ashtuke."

Wateja walicheka, lakini masharti waliyafuata.

Mwanzoni Redio naye aliyafuata. Kisha akaona kwamba picha ikiwekewa muziki, watu huitazama zaidi. Akaanza kuweka nyimbo anazozipenda, kila kichwa na wimbo wake. Alama za moyo zikaongezeka. Shuleni, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, msichana mrefu aliyeitwa Twiga, alimpiga bega.

"We Redio, ule wimbo wa jana umeutoa wapi? Nimeusikiliza mpaka mama akaninyang'anya simu yake."

"Subiri wa kesho," Redio alijibu. "Utalia."

Baadaye ikasikika habari kwamba uwanja wa mpira nyuma ya shule ungezungushiwa ukuta na kujengwa maghala. Redio alikasirika, kama watoto wote. Chini ya picha ya kichwa kimoja kilichonyolewa panki safi sana akaandika, "Uwanja ni wetu." Watu wasiowahi kukanyaga kibandani waliisambaza. Baba alipoambiwa, alikuna kidevu.

"Hilo la uwanja ni kweli," alisema. "Lakini mwanangu, ukurasa ni wa vichwa. Usiende mbali."

Redio akaitikia, "Ndiyo, baba." Kisha akaenda mbali.

Ulikuwa mwezi wa kampeni za baraza la mji. Waliogombea kiti cha mtaa wao walikuwa wawili: mwalimu mmoja mstaafu, na tajiri mwenye malori. Mwenye malori ndiye aliyetaka kujenga yale maghala. Mwalimu alikuwa na wimbo wake wa kampeni, na ulikuwa mtamu kwelikweli. Redio aliuimba hata akipiga mswaki.

Alhamisi jioni alikuja kunyolewa mtu mmoja mpole aliyeitwa Dereva. Alikuwa mteja wa miaka mingi, tena ndiye baba yake Twiga. Kisogoni alikuwa na kovu lililopinda kama ndoano, aliloachiwa na kamba ya turubai iliyokatika siku moja akifunga mzigo. Kinyozi alilijua kovu lile kama anavyoijua njia ya kwake. Alilizunguka na mashine polepole, bila kuligusa.

"Mzee, nikupige picha?" Redio aliuliza.

"Piga, mwanangu. Labda kisogo changu kitapata mchumba," Dereva alisema, na kibanda kizima kikacheka.

Picha ilitoka vizuri sana. Redio aliiwekea wimbo wa mwalimu, akafikiri kidogo, akaandika chini yake: "Kichwa chenye akili hakimchagui mwenye malori." Aliyaona maneno yake yamekaa sawasawa, akacheka peke yake. Akabonyeza.

Je, hakujua kwamba lori analoliendesha Dereva ni la tajiri huyohuyo? Alijua. Lakini wakati ule hakuwa akimwona Dereva. Aliona picha nzuri, wimbo mzuri na maneno makali. Uso haukuonekana, akajiambia. Nani atajua kichwa ni cha nani?

Kumbe kila mtu alijua. Makuli waliopanda nyuma ya lori walilitazama kovu lile kila siku kupitia kioo kidogo cha nyuma ya kiti cha dereva. Mwenye malori mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya shingo ile safari nyingi.

Jumamosi saa nne, saa ambayo malori yote huwa barabarani, Dereva aliingia kibandani kwa miguu. Kiunoni, mahali ambapo funguo zake zilizoea kuning'inia, hapakuwa na kitu.

"Kinyozi," alisema bila kuketi, "nimekukosea nini?"

Kinyozi alizima mashine. "Ndugu yangu, mbona sikuelewi?"

Dereva alimwonyesha simu. Wimbo ukalia, kovu likaonekana, na maneno yakiwa chini yake. "Jana jioni nimenyang'anywa funguo. Miaka kumi na mmoja sijawahi hata kukwaruza mlango. Nimeambiwa nimekula mkate wa mtu huku namtukana. Ukurasa huu ni wa nani?"

"Ni wangu," kinyozi alisema, na sauti yake ilishuka. Akageuka. "Redio. Wewe ndiye uliyeandika haya?"

Wateja watatu kwenye benchi walimtazama. Jibu la kweli lilikuwa fupi sana, neno moja tu. Lakini lililotoka lilikuwa jingine.

"Hapana, baba. Labda kuna mtu ameingia kwenye ukurasa wetu."

Kinyozi alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Umesikia, ndugu yangu? Mwanangu simjui kwa uongo. Kuna mtu ametuingilia. Nasema mbele ya hawa wote, na Mungu ananiona, maneno haya hayakutoka kwenye nyumba yangu."

Dereva alimtazama kinyozi, kisha akamtazama Redio, tena kwa muda mrefu. "Haya," alisema. Akatoka.

Redio aliifuta picha ile siku hiyohiyo. Haikusaidia. Ilikuwa imeshahifadhiwa kwenye simu za watu, na iliendelea kutembea bila yeye.

Shuleni, Twiga hakuimba wala hakutania. "Baba anashinda nyumbani," alisema akitazama daftari. "Anapiga viatu vyetu rangi asubuhi, na jioni anavipiga tena. Mama akimwambia apumzike, anasema amepumzika vya kutosha." Akafunga daftari. "Huyo mwizi aliyeingia kwenye ukurasa wenu, nikimjua, nitamtemea mate."

Redio alikaza macho ubaoni. Hakuna alichosoma.

Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuwa mlangoni mwa kibanda. Kila asubuhi kabla ya shule alipita pale kumsaidia baba kufungua, na kila asubuhi baba aliongeza jambo jipya kwenye maombi yake. "Na yule aliyeandika yale maneno, Bwana, umguse moyo. Labda hajui alichofanya. Umsamehe, umpe njia ya kurudi." Aliomba kwa dhati, kama mtu anayemwombea mgonjwa wake mwenyewe. Na kila mara Redio alitakiwa kuitikia.

Siku ya sita hakuweza.

"Baba, usimwombee tena," alisema. "Yuko hapa nyuma yako. Ni mimi."

Kinyozi hakutoa kiganja mlangoni. Alipogeuka, hakugomba. Redio angependa agombezwe.

"Nimesema mbele ya watu," baba alisema polepole, "na nikamtaja Mungu. Kumbe nilikuwa nauza uongo wako kwa jina langu na lake." Akarudisha kufuli mahali pake. "Twende."

"Wapi, baba? Wateja watakuja."

"Watakuta pamefungwa."

Walianzia nyumbani kwa Dereva. Viatu vilikuwa vimepangwa kizingitini, vinang'aa. Redio alisimama mbele yake, mbele ya mkewe na mbele ya Twiga aliyekuwa akijiandaa kwenda shule, akasema yote: picha, wimbo, maneno, na uongo alioutia juu yake. Mke wa Dereva aliziba mdomo kwa mkono. Twiga hakumtemea mate. Alichukua mkoba wake, akampita pembeni kama mtu anavyopita nguzo.

"Nilijua siku ileile," Dereva alisema. "Nina watoto. Nilikuwa nangoja useme."

Wakaenda wote watatu kwenye yadi ya malori. Tajiri aliwapokea vizuri, akawapa viti, akasikiliza mpaka mwisho. Hata alitikisa kichwa kwa huruma.

"Nashukuru mmekuja," alisema. "Binti, umefanya vyema kusema. Dereva, nimekukosea, naona sasa. Lakini lori lako nimeshampa mtu. Na nikikurudisha wiki hii, watu watasema nanunua kura. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mzee," Dereva alisema.

Kinyozi alisimama. "Basi mwandikie. Andika kwamba hana kosa, kwamba miaka kumi na mmoja hakukwaruza hata mlango. Uweke sahihi na muhuri."

Tajiri alisita, kisha akaandika. Barua hiyo ndiyo iliyomsaidia. Wiki mbili baadaye Dereva alipata kazi ya kuendesha gari la maji la kampuni ya ujenzi wa barabara, mji mwingine, safari ya siku nzima. Angerudi nyumbani mara moja kwa mwezi.

Redio naye aliandika kwenye ukurasa. Safari hii hakuweka wimbo. Aliandika kwamba maneno yale yalikuwa yake, kwamba mwenye kichwa hakujua lolote, na kwamba baba yake alidanganywa. Akamalizia kwa jina lake. Picha ile ya kovu ilikuwa imepata mioyo zaidi ya mia tatu. Ukweli ulipata tisa.

Siku moja kabla ya kusafiri, Dereva alikuja kunyolewa. Aliketi kwenye kiti kilekile, akainamisha kichwa. Hakuna aliyemtania kuhusu mchumba. Kinyozi alimaliza, akapangusa shingo na kutia poda. Kazi ya mwisho ya kinyozi ni kushika kioo kidogo nyuma ya mteja ili aone kisogo chake kwenye kioo kikubwa. Baba alimpa Redio kioo kile.

Mkono wake ulitetemeka. Kovu likatikisika kiooni.

"Tuliza mkono, mwanangu, nione," Dereva alisema. Alijitazama. "Unajua, mahali hapa mwilini mwangu sipaoni mwenyewe. Nakuachia wewe na baba yako mnionee. Ndiyo maana iliniuma."

"Nisamehe, mzee."

"Nilishakusamehe. Sasa nisikilize. Ule wimbo hata mimi naupenda. Na kura yangu, huenda ingekwenda kwa mwalimu, huenda isingekwenda. Hiyo ilikuwa siri yangu na ile karatasi ya kura. Wewe uliitangaza kabla mimi mwenyewe sijaamua." Aliinua macho, wakatazamana kwenye kioo kikubwa. "Sikukatazi kusema. Uwanja ule mmeutetea vizuri, endeleeni. Ukipenda wimbo, uimbe. Ukiona jambo baya, liseme. Lakini liseme kwa jina lako na kwa kinywa chako, ukiwa tayari kuulizwa. Usiliandike juu ya kichwa cha mtu mwingine, kisha ujifiche nyuma yake. Na ukiulizwa, jibu siku ileile. Kila siku uliyochelewa, ni mimi niliyekuwa nailipia."

Dereva alisimama, akakung'uta mabega, akapeana mkono na kinyozi. Mikono yao haikuachana upesi.

Shuleni Twiga alihamia dawati la mbele. Hakumwambia Redio neno baya lolote. Hakumwambia neno lolote.

Jumamosi iliyofuata kinyozi aliweka kiganja mlangoni. Aliomba mkono wake usitetemeke. Aliomba barabara iwe salama kwa aliye safarini, na nyumba aliyoiacha isikose kicheko. Redio aliitikia "amina", akachukua ufagio.

Mteja wa kwanza aliketi, akasubiri, akashangaa ukimya. "Vipi leo, kinyozi? Redio imekwisha betri?"

Kinyozi alimfunga mteja shuka shingoni na kuwasha mashine.

"Iache," alisema. "Leo inasikiliza."