Banda la Bi Kidevu

Kila asubuhi Mwadini alimsalimia Bi Kidevu kabla ya mtu yeyote. Si kwamba alikuwa na wa kuchagua. Alikuwa mlinzi wa ploti ya tajiri pembezoni mwa Midrand, Afrika Kusini, na Bi Kidevu, mbuzi wake, ndiye pekee aliyemwitikia. Mkewe Nusaiba alibaki Tanga. Alimsikia kwenye simu tu.

Bi Kidevu alikuwa na mimba ya miezi minne. Mwaka jana alizaa mtoto mdogo mno, aliyetetemeka na kufa siku hiyohiyo. Mwadini alimzika peke yake, akakosa hata wa kumpa pole. Safari hii aliogopa.

Banda alilijenga kama la baba yake Tanga: limeinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi. Kwa ujenzi, Mwadini alikuwa haambiliki.

Asubuhi moja ya Julai, umande ukiwa umeganda kwenye nyasi, jirani yake Jeannine alisimama uani. Mjini aliwasuka watu nywele, lakini kwao Bukavu, Kongo, alisomea mifugo.

"Papa Mwadini, huyu mbuzi iko anatetemeka."

"Banda zuri hili, mama. Hewa inapita chini."

"Eish! Kwenu Tanga iko joto, ile hewa inamusaidia. Huku inamuumiza. Chakula yote anakula inaishia kupasha mwili moto. Mutoto wa tumboni anabakia na nini?"

Mwadini akainama kutazama chini ya sakafu. Alimkumbuka yule wa mwaka jana. Kumbe ni yeye aliyewajengea baridi! Ilimuuma sana.

"Sasa nifanye nini?"

"Umushushe chini, pakavu. Tandika majani makavu mingi. Ziba upepo, lakini juu acha nafasi ya hewa. Miezi mbili ya mwisho mutoto anakua mbio, basi umuongezee mama chakula kidogo kidogo. Maji isikuwe ya barafu. Akizaa, pangusa mutoto, akauke, anyonye mbele ya saa moja kupita."

"Na Januari, jua likiwaka?"

"Kivuli na maji mingi. Joto kali nayo inapunguza damu yenye kufika kwa mutoto."

Siku hiyohiyo Mwadini alibomoa banda lake la kujivunia. Mbao zilezile akazisimamisha kuzuia upepo.

Baada ya mwezi, jua likichomoza, Bi Kidevu akazaa. Mwadini akamfuta mtoto kwa gunia kavu, akamsogeza kwenye chuchu. Mtoto akasimama, akanyonya, mkia ukimcheza.

Mwadini akampigia Nusaiba, akaisogeza simu bandani. Mtoto wa mbuzi akalia. Nusaiba akacheka mpaka akakohoa.

"Hongera, mume wangu! Na wewe huko, umejizibia upepo?"

Mwadini akatazama dirisha la chumba chake. Kioo kilivunjika tangu mwaka juzi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Bado," akasema.

"Basi ziba. Nakutaka mzima."

Simu ilipokatika, Mwadini akaenda kutafuta misumari. Ubao mmoja ulikuwa umebaki.