Nondo Chini ya Masale

Jambo la kwanza lilikuwa dogo mno, la mtu kupuuza. Ile pawabenki kubwa iliyokaa chini ya kitanda cha mama mkwe ilikuwa inatoa umeme, na hakuna kitu kilichochomekwa.

Esther aliinama akatazama tena. Matundu ya plagi yalikuwa matupu, lakini kwenye kioo chake namba ya umeme unaotoka ilipanda kidogo, ikashuka, ikapumzika, ikapanda tena. Feni ya ndani iliifuata namba: inavuta, inanyamaza, inavuta. Akajiambia mitambo nayo ina vituko vyake, akaenda zizini kukamua ng'ombe.

Pawabenki yenyewe haikuwa ya kupigia muziki. Mama mkwe, Aikande kwa jina lake, aliharibika mapafu kwa moshi wa jikoni, na sasa alipumua kwa mashine ya oksijeni, mpira puani kutwa kucha. Huku Marangu, masika yakianza, umeme huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Ndiyo maana Davis, mwanawe, mume wa Esther, ambaye kazi yake ni kuongoza watalii mlimani, alinunua hilo boksi zito lenye ukubwa wa kreti ya soda, ili umeme ukikatika mama asikatike pumzi. Kisha akapanda zake mlimani, akamwachia mkewe mama na boksi.

Boksi lilikuwa na tabia ya kutekenya vidole ukiligusa. Jovin, fundi kutoka Mawenzi, mjini Moshi, alikuwa ameshakuja kabla ya hapo akasema linataka ethi: waya utoke kwenye boksi, upite dirishani, ufungwe kwenye nondo iliyopigiliwa ardhini penye unyevu. Alizunguka kihambani, shamba la migomba nyuma ya nyumba, akapapenda mahali penye udongo laini katikati ya migomba, palipoota masale, mimea ya majani marefu.

"Haya nayaondoa, shemeji, yananizuia."

Esther akampa panga.

Hapo ndipo palipomuuma baadaye. Yeye ni binti wa Sanya Juu, si mgeni wa mila. Anajua kwamba masale hupandwa mpakani, au hupandwa juu ya mtu, na haya hayakuwa mpakani. Aliliona hilo, likamgusa moyo. Lakini mvua ilikuwa inakuja, fundi alikuwa anawahi gari, na mkamwana hapendi kuonekana mjuaji kwenye shamba la wenyewe. Kuuliza si ujinga, na bado hakuuliza.

Siku umeme ulipokatika, ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka migombani na ndani pamekuwa giza. Esther alichomeka mashine ya oksijeni kwenye boksi. Ikaguruma kidogo, boksi likapiga mlio mkali, likazima. Kwenye kioo ukatokea mchoro wa radi: shoti.

Akampigia Jovin.

"Chomoa kila kitu, shemeji. Lizime. Subiri kidogo, uliwashe likiwa tupu."

Likawaka.

"Chomeka taa." Taa ikawaka. "Basi boksi ni zima. Hebu angalia plagi ya mashine, isije ikawa imeingia maji."

Aliifuta kwa khanga, akaipuliza, akachomeka. Shoti. Akajaribu tundu la pili. Shoti. Akabadilisha na waya. Shoti. Na asubuhi ileile mashine ilikuwa ikifanya kazi vizuri kabisa kwenye umeme wa ukutani.

"Sasa huo ni uchawi," Jovin alicheka.

Esther hakucheka. Mama Aikande alikuwa ameketi kitandani, mikono kwenye magoti, midomo imeanza kuwa ya zambarau. Mtungi wa akiba ulikuwa Moshi, umepelekwa kujazwa.

"Imebaki ethi," fundi akasema. "Nenda kafungue ule waya kwenye nondo. Mimi natafuta usafiri, ila barabara..." Mtandao ukamkata hapo.

Esther alitoka kwa mlango wa nyuma, akaufuata waya kwa mkono kati ya migomba iliyokuwa ikidondosha maji, na kila alivyosogea waya ulizidi kuwa na joto, tena si joto la umeme, bali la mwili, la shavu la mtoto mwenye homa, na hewa ikaanza kunuka maziwa, kwanza matamu, kisha yaliyoganda, harufu ya shingo ya kichanga ambaye hajaogeshwa. Alipiga magoti penye visiki vya masale, akaifungua ile nati, waya ukaanguka kwenye tope, naye alikuwa anasimama aondoke alipouona unazama wenyewe, taratibu, unavutwa, unapumzika, unavutwa, na chini ya ardhi, karibu sana na magoti yake, kukawa na sauti ndogo ya mdomo usio na meno.

Alirudi mbio, akaung'oa waya kwenye boksi. Waya ukapotelea dirishani kama mkia wa panya. Kwenye kioo, namba iliendelea kupanda na kushuka.

"Esther." Mama Aikande aliongea vipande vipande, akikopa pumzi kwa kila neno. "Hiyo nondo. Mliipiga wapi?"

"Nyuma, mama. Penye masale."

Mzee akafumba macho.

"Kabla ya Davis kulikuwa na mwingine. Alikuja kabla ya siku zake. Alilia mpaka kukapambazuka. Maziwa hayakutoka, Esther, hata tone. Amekufa hajanyonya. Hana ubatizo, hana jina. Tukapanda masale, tukanyamaza. Hata Davis hajui."

Watu wa pwani wangesema jini, wakaita na mwenye vitabu. Huku mlimani jina hilo halitajwi ovyo, hasa nyumba ya Walutheri yenye kalenda ya usharika ukutani. Lakini kutolitaja hakujawahi kulizuia kuja.

"Chuma kimemwamsha," mama alinong'ona. "Ananyonya. Mkinichomeka mimi, anavuta umeme wote. Chukua maziwa ya leo. Chukua isale, jani moja la masale ya mpakani, ulipige fundo. Aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Mwambie, mama yako anaomba msamaha. Sema hivyo tu. Mwaga, urudi."

Esther alienda. Alikuwa anaogopa mpaka mkojo ulimbana, maziwa yakimwagika ukingoni mwa kikombe, na jani lenye fundo lilikuwa limelowa jasho la kiganja. Aliliweka kwenye visiki. Alifungua mdomo aseme alivyotumwa, na hapohapo udongo ukatoa kilio, si cha kutisha hata kidogo, kilio chembamba cha mtoto aliyelia hadi akachoka na sasa analia kwa kuwa hajui kingine cha kufanya, na Esther, ambaye ameolewa miaka mingi na hajazaa, ambaye huita mwanangu kila mtoto anayepita njiani na hata ndama zizini, alisikia hofu yote inayeyuka kifuani.

"Pole," alisema. "Pole, mwanangu. Nyamaza. Maziwa haya hapa."

Ardhi iliyanywa yote. Akaishika nondo, ikatoka bila kubisha. Ncha yake haikuwa na tope. Ilikuwa safi, imelambwa.

Ndani, alichomeka mashine kwa mikono yenye udongo. Ikaguruma, ikatulia, ikaendelea. Hakuna shoti. Midomo ya mama ikaanza kurudi rangi yake, na Esther akakaa sakafuni akalia kwa shukrani. Baadaye umeme wa ukutani ulirudi. Akahamishia mashine huko, akalitazama boksi likiwa tupu. Sifuri. Alisubiri. Sifuri.

"Limekwisha, mama."

"Ulimwambia nilivyokuagiza?"

"Nilimwambia pole. Nikampa."

"Pole nani?"

"Pole, mwanangu."

Mashine iliendelea kupumua peke yake chumbani.

"Nilikwambia useme mama yako anaomba," Mama Aikande alisema hatimaye, kwa sauti ya chini sana. "Ili ajue mama yake ni nani."

Esther alitaka kujibu kwamba ni neno tu, neno la kubembelezea. Lakini kifua kilikuwa kimemjaa na kumuuma, na alipoinamisha macho aliona blauzi imelowa pande zote mbili. Haikuwa mvua. Ilikuwa ya moto, na harufu yake aliijua: maziwa.

"Usifungue," mama alinong'ona.

Mlango wa nyuma ulikuwa unakwaruzwa, chini kabisa, pale ambapo mkono wa mtoto anayetambaa ungefika. Kukwaruza kukakoma, kikaanza kile kilio chembamba. Kilichomtisha Esther kuliko vyote ni kwamba alikuwa amekwisha kusimama, na vidole vyake vilikuwa tayari vinafungua vifungo vya blauzi.